Mkanda Mmoja, Watoto Wawili

Bandarini Groningen, 10 Machi 1956

Wifi yangu Geessien,

Salamu zikukute mzima, na goti lako lisikusumbue kwa baridi hii. Sisi hatujambo. Berend ameota magego mawili ya juu na anatafuna kila kitu, hata kamba za mume wangu, huyo mdogo wako. Lubbert mwenyewe alikohoa wiki mbili, sasa kikohozi kimekwisha. Mimi nimechoka tu, uchovu wa nepi zisizokauka. Barafu ilitushika Hoogezand wiki nne, mfereji mzima mgumu kama barabara, na tangu iyeyuke kila tishali linakimbilia mzigo.

Sasa nakuja kwenye jambo lenyewe. Tunapanda huko kwenu kupakia unga wa viazi kiwandani, na Alhamisi kabla ya Pasaka, tarehe 29, tutateremka nao kupitia Lango la Tatu la kushushia na kupandishia matishali, hapo mbele ya nyumba yako. Shule itakuwa imefungwa. Tulikubaliana hivi, wifi: binti yangu Fenje atakaa kwako kwa ajili ya masomo, likizo atakuwa kwetu. Basi naomba siku hiyo usimame naye ukingoni. Unamjua Bwana Kroeze, mlinzi wa lango, hamruhusu mtu kukaa langoni zaidi ya muda wa maji kushuka. Ni robo saa. Robo saa inatosha kumpokea mtoto.

Majibu uyaache dukani kwa Tonkens, Wildervank, tutapita. Na umwambie Fenje paka amezaa watoto watatu, mmoja hana mkia.

Wako,
Hilje

~

Stadskanaal, 21 Machi 1956

Hilje,

Nimepata barua yako na nimefurahi kusikia barafu haikuwadhuru. Goti langu liko palepale. Jumapili mchungaji alihubiri kwa muda wa saa moja na nusu, na kanisani hakuna moto, na wazee wawili wakatoka katikati. Marehemu mume wangu angesema hata Mungu alikuwa amevaa koti.

Fenje ni mzima, ila ana kikohozi kidogo. Anasoma vizuri. Mwalimu anasema ana mwandiko mzuri kuliko wa wasichana wa darasa la juu. Ana kitanda chake, analala usiku kucha, haamki akipiga kelele kama alipofika. Sikukuandikia hayo wakati ule kwa sababu hukuniuliza.

Kuhusu tarehe 29, tutaona hali ya hewa na kikohozi. Ukingo wa lango una ukungu asubuhi, na mtoto si gunia la viazi la kurushiwa mtu juu ya ukuta.

Habari za paka nimempa.

G.

~

Martenshoek, 4 Aprili 1956

Wifi Geessien,

Salamu. Pasaka ilipita. Berend amejifunza kutembea bila kushika mguu wa meza.

Nitakuambia jinsi siku ile ilivyokuwa, maana sidhani unajua. Au labda unajua.

Tuliondoka kiwandani alfajiri, magunia hadi juu. Nilikuwa nimeoga na kuvaa gauni la bluu, Lubbert akanicheka: “Leo tunasafirisha unga au bibi harusi?” Nilimkaangia mayai. Nilitandika kile kitanda kidogo cha ukutani. Tulifika Lango la Tatu saa nne, hakukuwa na ukungu hata chembe, jua lilikuwa linachoma macho.

Ukingoni alikuwepo Bwana Kroeze na mbwa wake. Basi.

Malango ya nyuma yalifungwa. Nilirusha kamba ya tezi, ile ya nyuma, juu ya nguzo ya chuma, na macho yangu yalikuwa kwenye nyumba yako. Pazia la chumba cha juu lilitikisika. Wifi, mimi nimezaliwa kwenye tishali, mama yangu alinizaa kati ya marundo mawili ya peti, udongo wa kuwashia jiko. Mtoto wa tishali anajua jambo hili kabla hajajua kuhesabu: langoni kamba haifungwi, inashikwa, na maji yakishuka unailegeza kidogo kidogo. Mimi niliifunga. Niliifunga mafundo mawili, nikasimama na mikono mitupu nikitazama pazia.

Maji yakashuka, tishali likabaki. Limening'inia tezi juu, omo kule mbele chini, chuma kinalia. Ndani sahani zote zilimwagika, na sanduku analolalia Berend liliteleza mpaka likagonga jiko. Kroeze anapiga kelele, “Mama, kamba! Kamba, mama!” Lubbert alikuja mbio na shoka akaikata. Tishali lilipoangukia maji wimbi lilipanda hadi kwenye viatu vya Kroeze. Akaniambia, “Hata bibi wa mjini anayepanda mashua ya kukodi hafanyi hivyo.”

Berend hakuumia. Jiko lilikuwa limezimika, namshukuru Mungu.

Sikuulizi ulikuwa wapi. Nakuuliza ni lini nitampata Fenje.

Hilje

~

Stadskanaal, 2 Mei 1956

Hilje,

Barua yako ilifika mapema. Ni majibu yangu yaliyochelewa. Nilikuwa na shughuli za kusafisha nyumba, kila zulia nje, kila ukuta chokaa. Fenje alinisaidia kupiga mito.

Siku ile tulikuwa kwa daktari wa meno. Pazia lile hutikisika lenyewe, dirisha halifungiki vizuri.

Nimesikitika kwa sahani, na zaidi kwa Berend. Lakini usome mwenyewe ulichokiandika, kisha uniambie kama ni mahali pa kumrudisha mtoto ambaye Julai iliyopita alitolewa majini akiwa amebadilika rangi. Hapa kwangu hakuna haja ya kumfunga mtoto mkanda wa kifuani asitumbukie majini. Mlango ukifungwa, umefungwa.

Na kabla hujaniandikia tena kwa ukali, muulize mumeo aliniandikia nini Februari mlipokuwa mmekwama kwenye barafu.

G.

~

Zuidbroek, 27 Mei 1956

Wifi Geessien,

Salamu kutoka kwetu sote. Barua yako ilikaa kwa Tonkens siku kumi na mbili kwa kuwa tulipelekwa upande mwingine na mzigo wa changarawe. Niliisoma nimesimama dukani, na mke wa Tonkens akaniletea kiti bila kuombwa.

Nimemuuliza Lubbert. Alikuwa kwenye usukani, hakugeuka. Nikauliza tena. Akasema, “Nilimwandikia akae naye mpaka amalize shule.”

“Miaka sita?”

“Ndiyo.”

“Na mimi ungeniambia lini, akishaolewa?”

Tukapita daraja lililofuata. Halafu akasema, “Hilje, mimi ndiye niliyemtoa majini. Nilimshika nywele. Wewe ulikuwa ndani na mdogo. Kila tukipita kona ile mkono huu unajifumba wenyewe.” Akaongeza mwendo wa mashine. Ni mdogo wako, unajua anavyofunga mdomo.

Sasa nami nitakuambia neno ambalo sikumwambia mtu, hata yeye. Kila mtu aliamini kwamba mkanda wa Fenje ulichomoka. Haukuchomoka. Tulikuwa na mkanda mmoja na watoto wawili. Berend ndiyo kwanza alikuwa ameanza kutambaa, na mikanda haiuzwi kila duka. Asubuhi ile nilimvua Fenje mkanda nikamvika Berend kule ndani, asifike kwenye jiko. Nikamwambia, “Wewe ni dada mkubwa sasa, kaa chini ya mlingoti usiondoke.” Alikaa. Alikaa karibu saa nzima, maskini, mpaka bata walipopita na vifaranga.

Mimi ndiye niliyemvua. Ndiyo maana nilipomleta kwako Septemba sikubishana nawe kwa lolote. Niliona nimepoteza haki ya kubishana.

Lakini nimefikiri kwa miezi, nikisugua nepi na kuosha sitaha, na nimeona hivi. Kosa langu ni langu, na nitalibeba. Fenje naye ni wangu. Kimoja hakifuti kingine. Sikukupa mtoto, wifi. Nilikuachia.

Likizo ya Julai namtaka.

Hilje

~

Stadskanaal, 18 Juni 1956

Hilje,

Asante kwa kuniambia ukweli. Haukunishangaza.

Fenje nimemwambia kwamba mmepata kazi kusini, kwenye mito mikubwa, na hamtapita huku hadi msimu wa viazi. Alilia siku moja, sasa ametulia. Nakuomba usinifanye mwongo mbele ya mtoto.

Kama mna mzigo wa kupandisha huku, mpite siku ya kazi, Fenje akiwa shuleni, na msisimame.

Geessien

~

Musselkanaal, 20 Julai 1956

Wifi yangu Geessien,

Salamu nyingi, safari hii za kutoka moyoni. Tumefika juu, matofali yameshashushwa. Fenje hajambo. Anakula kama mtu aliyevuta tishali kutwa. Amempa yule paka asiye na mkia jina la mwalimu wake, na nimemkataza asilitaje kwa sauti tukipita shuleni.

Unajua yaliyotokea Jumapili na Jumatatu, maana ulikuwepo. Hujui ya Jumamosi. Nayaandika kwa sababu hapo ndipo mambo yalipoamuliwa, na sitaki uambiwe na Kroeze.

Lubbert alitaka tupite Lango la Tatu Jumamosi kabla halijafungwa saa kumi na mbili jioni, tukafunge tishali kijiji cha mbele. Alikuwa amepiga hesabu: madaraja tisa, malango mawili, tungefika saa kumi. Sikumbishia. Ila nilijua, kama unavyojua wewe uliyezaliwa kwenye tishali hilihili, kwamba tukikutwa chini ya lango likiwa limefungwa Jumamosi, hakuna wa kutuondoa pale. Jumapili hakuna mashine inayowashwa wala lango linalofunguliwa. Mzigo hauwezi kudai, na mume hawezi kusema tuna haraka. Ni siku nzima mbele ya mlango wako.

Basi nikaanza kuwa mzito.

Daraja la kwanza, yule mama mwenye daraja alitushushia kiatu chake cha mti kwenye ufito ili nitie sarafu ya ushuru. Nikaikosesha. Ikaanguka majini. Nikatafuta nyingine kwenye mfuko wa aproni, polepole. “Leo mikono yako imelala?” Lubbert akauliza. Nikamwambia Berend alinikesha, na huo haukuwa uongo.

Daraja la tatu nikashuka kununua mkate na maziwa ya mgando, nikasimama kumsikiliza mwenye duka akinisimulia arusi ya mpwa wake kuanzia posa. La tano, nepi ya Berend ikapeperuka, tukarudi nyuma kuiopoa kwa upondo. Hiyo sikuipeperusha mimi, naapa, lakini sikuikimbilia.

Lango la Pili tulilifikia tukiwa na ndugu wawili wenye tishali la peti nyuma yetu. Nikawapungia mkono: “Piteni nyie, mna haraka!”

Mkubwa akasema, “Sisi? Sisi hatujawahi kuwa na haraka tangu vita viishe.”

“Basi anzeni leo.”

Wakapita wakicheka, nasi tukangoja maji yashuke, wapande, yashuke tena. Lubbert alinitazama kutoka usukanini muda mrefu. Nikajifanya namfunga Berend mkanda vizuri.

Lakini mashine ile ya baba yenu ni nzuri, wifi, na upepo ulikuwa nyuma yetu. Saa kumi na moja na dakika arobaini nikaliona Lango la Tatu, na malango ya chini yako wazi, na Kroeze juu ya ukuta anatuita kwa mkono wote. Sikuwa na hila nyingine. Nilikuwa nimesimama kwenye omo na kamba mkononi, machozi yananitoka kwa hasira. Nikawaza, nitatumbukia mwenyewe, watalazimika kusimama.

Mashine ikanyamaza.

Nikageuka. Lubbert ameketi kwenye mfuniko wa shehena, anajaza kiko chake.

“Imezima,” akasema.

“Imezima au umeizima?”

“Imezima.”

Kroeze akapiga kelele, “Lubbert! Sukuma kwa upondo! Una dakika kumi na tano!”

“Bega linauma!”

“Lililonyanyua matofali elfu thelathini jana?”

“Ndilo hilohilo!”

Tukasota taratibu mpaka ukingoni, chini ya ukuta, na kengele ya kanisa ikapiga saa kumi na mbili. Kroeze alifunga lango, akavua kofia, akaangalia nyumba yako, akatuangalia sisi, akaenda zake. Lubbert akavuta moshi mara mbili. “Nguo zako nyeusi zimepigwa pasi?” akauliza. Nikamwambia zimepigwa tangu Alhamisi. “Nilidhani hivyo,” akasema.

Hayo ndiyo uliyokuwa huyajui.

Kanisani nilikaa benchi la nyuma yenu kwa makusudi, lakini Fenje sikumgusa wala sikumwita. Nataka ujue hivyo. Alikuwa na mkia mmoja wa nywele, umemsuka vizuri kuliko ninavyomsuka mimi. Wakati wa mahubiri ukatoa peremende mkobani ukampa, kama mama zetu wote walivyotupa. Akaitia mdomoni. Nikasikia akiipasua kwa meno. Kisha, bila kugeuza kichwa, mkono wake ukaja nyuma juu ya ubao wa benchi, umefumba, na ulipofumbuka ilikuwa nusu ya peremende, imelowa.

Niliichukua. Uliona, na niliona kwamba uliona. Mchungaji alikuwa bado yuko kwa Nabii Yona.

Nilipokuja kwako kwenye kahawa baada ya ibada nilikuwa na maneno ya kusema tangu Machi, nimeyapanga kama vyombo. Hukunipa nafasi. Ulitia sukari yangu, ukasema tu, “Kesho lango linafunguliwa saa kumi na moja alfajiri.”

Na Jumatatu ulikuwepo. Sisi tuko chini kwenye kivuli, ninyi mko juu, naona viatu tu, vyako vikubwa na vyake vidogo. Maji yakaingia, yakatupandisha taratibu, nami navuta kamba mkono kwa mkono, sikufunga. Sitaha ilipokuja sawa na ukingo hakukuwa na haja ya kumrusha mtu. Fenje aliinua mguu akavuka.

Bado anaogopa. Akikaribia ukingo anashika aproni yangu. Nimemwambia aishike anavyotaka.

Sasa nisikilize, wifi, na usiichukue vibaya. Septemba nitamrudisha mwenyewe kwa mkono wangu, kwa sababu tishali halina mwalimu na wewe umemtunza vizuri. Nashukuru, na shukrani hiyo hutaisikia mara moja tu. Lakini kila tukipita awe ukingoni, mvua au ukungu. Na asidanganywe tena tuko wapi. Hayo mawili sitaongea juu yake mara ya pili.

Berend anakusalimu kwa kuulamba ukurasa huu, samahani kwa doa.

Wako,
Hilje

~

Stadskanaal, 2 Agosti 1956

Hilje,

Salamu. Nyumba ni kimya. Nimepaka dirisha la juu rangi.

Hukuniuliza tena juu ya pazia, na kwa sababu hukuniuliza nitasema. Hatukuwa kwa daktari wa meno. Alhamisi ile tulikuwa tumevaa makoti tangu saa tatu. Kifurushi chake kilikuwa mlangoni. Kisha nikasikia mashine ya baba inakuja kutoka juu, na mkono wangu ukageuza ufunguo. Fenje aliugonga mlango mpaka kiganja kikawa chekundu. Halafu akapanda ghorofani dirishani. Nilikuwa nimeketi kwenye ngazi. Niliwasikia mkipiga kelele za kamba, na nilijua ni nini hasa kinachotokea, maana hata mimi ni mtoto wa tishali, na sikutoka.

Usimsumbue kwa maswali. Hajawahi kunisema kwa mtu.

Tonkens mwenye duka atakupa kifurushi pamoja na barua hii. Ni mkanda wa kifuani, wa Fenje, ngozi ya hatamu iliyobaki karakanani kwa marehemu mume wangu. Ndoana ni ya shaba, haichomoki, nimening'inia mwenyewe kuijaribu. Wa zamani mwachie Berend.

Utaona matundu ya upande mmoja ni ya zamani na ya upande mwingine ni mapya. Niliushona Machi, baada ya barua yako ya kwanza. Ulikuwa kwenye kile kifurushi cha mlangoni. Jumapili ile alipolala nilimpima tena, ukawa haumtoshi. Kwa hiyo nikatoboa upya mpaka usiku wa manane, lakini mlipoondoka alfajiri ndoana ilikuwa bado.

Septemba nitakuwa ukingoni kabla yenu. Kamba ya tezi nirushie mimi, Kroeze amezeeka. Nitaishika. Sitaifunga.

Wifi yako,
Geessien